Je, wajua kwa nini viwanda vya kwanza vya pamba vilikuwa virefu na vyembamba?

Ukitazama picha za viwanda vya kwanza vya kusokota nyuzi za pamba huko Uingereza, utaona vinafanana: ghorofa tano au sita, upana mdogo, na madirisha safu kwa safu. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa urembo. Lililazimishwa na maji, mwanga na moto.

Mwaka 1771 Richard Arkwright na washirika wake walianza kujenga kiwanda huko Cromford, katika bonde la Derwent. Mashine zake ziliendeshwa kwa gurudumu la maji, na sehemu ya maji hayo ilitoka kwenye mfereji wa kukaushia migodi ya risasi. Yalikuwa na uvuguvugu, hivyo hayakuganda kirahisi wakati wa baridi. Katika viwanda vya aina hii, mhimili wa wima ulipandisha nguvu ya gurudumu hadi juu. Kila ghorofa ilikuwa na mihimili ya kulala iliyopita karibu na dari, na kutoka hapo mikanda iliteremka hadi kwenye mashine. Kadiri mihimili inavyorefuka ndivyo nguvu inavyopotea kwa msuguano, kwa hiyo ilifaa zaidi kupanga mashine ghorofa juu ya ghorofa kuliko kuzitandaza kwenye banda moja refu.

Upana ulipimwa na mwanga wa jua. Anayeunga uzi uliokatika lazima auone, na umeme haukuwapo. Jengo la upana wa mita 9 hivi lilipata mwanga wa kutosha kutoka pande zote mbili. Lakini Cromford ilifanya kazi hata usiku, kwa mishumaa na taa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Hebu fikiria sakafu ya mbao iliyolowa mafuta ya mashine, vumbi la pamba likielea hewani, na taa inawaka. Cheche moja ilitosha. Viwanda viliteketea kimoja baada ya kingine, pamoja na mashine za thamani kubwa na ajira za watu.

William Strutt, ambaye baba yake alikuwa mshirika wa Arkwright, alilishughulikia tatizo hili. Katika kiwanda alichojenga Derby mwaka 1792 na 1793 aliweka nguzo za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na badala ya sakafu za mbao akajenga matao mafupi ya matofali. Boriti zilibaki za mbao, ila alizikandika plasta zisishike moto.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote. Mwaka 1797 Charles Bage alikamilisha kiwanda cha kitani huko Ditherington, Shrewsbury, ambamo nguzo na boriti zote ni za chuma. Ndilo jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha ndani cha chuma. Nguzo zake, ukizikata, zina umbo la msalaba, na zimenenepeshwa kidogo katikati ambako nguzo ndefu huelekea kupinda. Matao ya matofali yameegemea kwenye boriti, na kwa kuwa tao husukuma pembeni, vyuma vya kukaza vilipitishwa ili kulizuia.

Kiwanda cha Strutt huko Belper kilipoungua mwaka 1803, alikijenga upya kwa mtindo huohuo, na mwaka uliofuata kikawa tayari.

Chuma cha kumimina kilikuwa na udhaifu wake: hustahimili sana kugandamizwa, lakini kikivutwa huvunjika ghafla bila kutoa dalili. Mwaka 1844 boriti ya aina hiyo ilivunjika katika kiwanda kimoja cha Oldham, jengo likaporomoka na kuua wafanyakazi. Kuta za nje nazo bado zilikuwa za matofali na zilibeba mzigo. Karibu karne moja baada ya Bage, wajenzi wa Chicago ndio walioanza kukiachia kiunzi cha chuma kubeba hata kuta zenyewe, na maghorofa yakapaa.

Kiwanda cha Ditherington kingali kimesimama. Kilikarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 2022, na nguzo za Bage bado zinabeba sakafu zake.