Acheni kuigeuza ramani ya mawazo kuwa folda

Wiki hii imekuja tena. Barua pepe fupi, kiambatisho kimoja: ramani ya mawazo, katikati nembo ya kampuni, pembeni matawi ya rangi rangi. Fedha, Rasilimali Watu, Manunuzi, Mauzo, Sheria, Utawala. Chini yake maneno niliyoyazoea: timu imekaa kutwa nzima, ramani iko tayari, tunaomba utengeneze folda hivyo hivyo kwenye SharePoint, ule mfumo wa Microsoft wa kutunza hati za kampuni. Wengine hunirahisishia kazi kabisa. Wanauliza kama hakuna skripti, yaani programu fupi, ya kuimwaga yote kwa mkupuo.

Skripti ipo. Faili la FreeMind, programu ya kuchorea ramani hizi, ni maandishi yenye mpangilio (XML) tu, kijana yeyote wa IT anaweza kulisoma na kuzalisha folda mia tatu kabla chai haijapoa. Ndiyo maana naogopa.

Kwanza, mlichochora ni chati ya idara iliyolazwa ubavu. Anayetafuta hati mara nyingi hajui inamilikiwa na idara gani, wala hana haja ya kujua. Tena majina ya idara na taasisi hayakai. Kwenye seva ya kampuni moja ya kusambaza vyakula nilikuta folda "TFDA" ina vibali vipya kabisa. TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Tanzania, iligeuka TMDA, ya dawa na vifaa tiba, mwaka 2019, na mambo ya chakula yakahamia TBS, shirika la viwango. Wafanyakazi wa zamani waliendelea kutupia vibali walikozoea. Walioajiriwa baadaye walifungua folda "TBS", ambayo nayo ilikuwepo, wakakuta humo mambo ya nembo ya ubora tu, wakaandika kwamba kibali hakipo. Hapo hakuna mzembe. Folda ingeitwa "Vibali vya chakula", na jina la mamlaka likawa safu pembeni, kama safu ya jedwali, serikali ingeunda na kuvunja taasisi inavyotaka bila kuwasumbua.

Sasa lile linalonikera hasa. Ramani ya mawazo ni mti, na kwenye mti kila jani lina tawi moja. Chukueni mkataba wa pango la ghala la Mwanza. Sheria wanasema ni wao, ndio waliouandika. Fedha wanautaka kila robo mwaka, kwa sababu kuna kifungu cha kodi ya pango kupanda. Tawi la Mwanza wanataka ukurasa mmoja tu, ule unaosema paa likivuja nani anatengeneza. Anayeongoza kikao anauliza, "Huu tuuweke wapi?" Watu wanaangaliana. Mkubwa anasema, "Weka Sheria." Kalamu inashuka, kikao kinaendelea.

Hapo ndipo ninapotamani kupiga meza. Lile swali ndilo mlilokuja kulitafuta, nanyi mmelizima kwa sekunde tatu! Baada ya miezi michache kuna nakala Sheria, nakala Fedha, na nyingine Mwanza iliyopigwa picha kwa simu ikapita WhatsApp. Moja inaitwa "Mkataba_Mwanza_final", nyingine "final2_signed". Nyongeza ya mkataba, ile iliyobadilisha kodi, iko kwenye moja tu kati ya hizo.

Kwa hiyo msiamue. Chora mstari wa nukta kutoka Sheria hadi Fedha, mwingine hadi Mwanza, uache hivyo hivyo. Ramani itachafuka, na ichafuke. Mistari ikishakuwa mingi, isome: utaona inarudia mambo machache yale yale. Hii ni hati ya aina gani, ni ya tawi lipi, tumeingia na nani, inaisha lini. Hizo ndizo safu zako za metadata, yaani taarifa zinazoielezea hati. Mkataba unakaa mahali pamoja. Fedha wanaufikia kwa mwonekano uliopangwa kwa tarehe, Mwanza wanaufikia kwa kuchuja jina la tawi, na hakuna anayelazimika kunakili.

Wala si jambo jipya. Ranganathan, mkutubi wa Madras aliyetokea kwenye ualimu wa hisabati, alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu, Colon, mwaka 1933 kwa wazo hilo hilo: usihangaike kutafuta tundu moja la kitabu, taja kila sura yake peke yake, kisha ziunganishe. Na masijala zetu je? Barua ina Kumb. Na., ina namba ya folio ndani ya jalada, na ikigusa mambo mawili, karani anayeijua kazi yake anaweka rejea kwenye jalada la pili. Alifanya hivyo kwa kalamu. Sisi wenye seva tunanakili.

Mengine nayapitia haraka. Kinachostahili maktaba yake, yaani hifadhi yake ya pekee ndani ya SharePoint, ni kile kinachotofautiana kwa ruhusa: mishahara, mashauri ya nidhamu. Kinachotofautiana kwa muda wa kutunzwa kinastahili aina yake ya hati. Kumbukumbu za kodi, kwa mfano, sheria inataka angalau miaka mitano. Kilichobaki ni metadata. Mkishikilia folda za ngazi sita, kumbukeni kwamba kwa kawaida Windows inakomea herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na SharePoint 400. Kwa majina kama "Nyaraka za Idara ya Rasilimali Watu na Utawala" mtafika mapema.

Na ile amri kwamba matawi au menyu zisizidi saba, tafadhali. Makala ya mwanasaikolojia Miller ya mwaka 1956, inayotajwa kuitetea, ilihusu kiasi ambacho mtu anaweza kukishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu haishikwi kichwani, iko mbele ya macho. Yakiwa kumi na moja na yanaeleweka, yaache kumi na moja.

Mtu asije akadhani naichukia ramani. Naitumia, ila katikati siweki nembo, naweka tukio: "shehena imefika getini", "mfanyakazi ameacha kazi". Kisha namuuliza msimamizi wa ghala na dada wa mapokezi: mara ya mwisho ulitafuta karatasi gani, ulianzia wapi, ulimpigia nani? Huyo aliyepigiwa simu naye anaingia kwenye ramani, maana mara nyingi yeye ndiye mfumo wenyewe. Neno moja kwa kila tawi, alivyofundisha Tony Buzan, aliyezieneza ramani hizi, linafaa kwa kichwa cha mtu mmoja. Kwenye ramani ya watu wengi andikeni maelezo: "Malipo" kwa mtu wa rasilimali watu ni mishahara, kwa mtu wa mauzo ni madeni ya wateja.

Kuna mambo sina uhakika nayo. Sijui kama kadi zenye majina ya hati, zilizotawanywa mezani watu wazipange, si bora kuliko ramani. Kadi hazina katikati, kwa hiyo hakuna wa kuitawala. Metadata nayo watu hawaijazi. Ukiweka safu tano za lazima, watachagua cha kwanza kwenye orodha kila siku, na hati zote zitakuwa za Arusha. Mimi nabaki na tatu, nyingine zijijaze zenyewe kutoka kwenye maktaba. Kwa nini tatu? Sina utafiti wa kukuonyesha.

Kisha kuna wanaosema utafutaji wa siku hizi ni mwerevu kiasi kwamba kupanga ni kupoteza muda. Kwa nusu ya hati huenda wako sahihi, na nusu yenyewe inazidi kukua. Lakini ukitafuta mkataba wa Mwanza utaletewa nakala zote, na zote zinafanana. Ya kufuatwa ni ipi, hilo linahitaji safu ya "Hali" na mtu wa kuihakiki. Siku hizi nauliza jina la mtu huyo kabla ya kupanga kikao. Wakinijibu "IT", naahirisha.