Kuwa na simu si kuwa mwandishi wa habari

"Siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi wa habari." Kauli hii naisikia kila mara, na inanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Simu imempa kila mtu uwezo wa kushuhudia. Kuripoti ni kazi nyingine.

Kenya inaonyesha vizuri. Desemba 30, 2007, vurugu za baada ya uchaguzi zikipamba moto, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008 ikazaliwa Ushahidi, tovuti iliyoweka kwenye ramani taarifa zilizotumwa na wananchi. Wananchi walileta mengi ambayo redio na televisheni hazikuweza kuyafikia, lakini hata hapo ilibidi mtu akae chini na kuhakiki.

Chukua picha ya mafuriko inayozunguka kwenye kundi la familia. Ikipita WhatsApp, hupoteza kumbukumbu za ndani za saa na mahali ilipopigwa. Mhariri anabaki na picha tupu. Anaikuza: namba za magari ni za nchi gani? Kibao cha duka kimeandikwa kwa lugha gani? Kivuli kinaelekea wapi? Kisha anaitafuta mtandaoni aone kama ilishatumika miaka ya nyuma, na anamsaka aliyeipiga ili azungumze naye. Saa nzima inaweza kuisha hivyo, na mara nyingi jibu huwa: hatuchapishi.