Je, wajua kwa nini fomu ya mali za diwani wako huwezi kuisoma kirahisi?

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Bagamoyo, kiwe cha Dunda au cha Magomeni, hutakawia kuisikia: "Yule tangu apate udiwani kashanunua viwanja Kiromo." Mwenzake atabisha kwamba viwanja vile ni vya urithi, marehemu baba yake ndiye aliyevifyeka. Adhana inaadhiniwa, watu wanaondoka, na hakuna aliyeondoka na ukweli. Ilhali majibu ya mabishano ya namna hiyo yapo kwenye karatasi, tena kwa sahihi ya diwani mwenyewe. Kwa nini basi mwananchi asiingie ofisini akaomba kuyaona?

Tuanze na karatasi yenyewe. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inawahesabu meya, mwenyekiti wa halmashauri, diwani na mkurugenzi kuwa viongozi wa umma, sawa na mbunge na waziri. Kila mmoja wao anatakiwa kutoa tamko la rasilimali, maslahi na madeni yake: ndani ya siku 30 tangu ashike wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka, na tena anapoondoka madarakani. Tamko linagusa pia mali za mume au mke, na za watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wenyewe huita "kujaza fomu za maadili", na Desemba ikikaribia ukingoni utawaona wanavyohangaika, kwa kuwa siku ya mwisho ni tarehe 31.

Fomu hiyo haikai halmashauri. Inakwenda kwa Kamishna wa Maadili, mkuu wa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chombo kinachotajwa na Katiba yetu katika ibara ya 132. Kwa hiyo ukimfuata mkurugenzi wa wilaya kumwomba tamko la diwani wako, atakuambia hana, na atakuwa anasema kweli.

Hatukuanzia hapo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa kali zaidi: kiongozi, diwani akiwemo, hakutakiwa kuwa na hisa kwenye kampuni, wala kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Hapakuwa na haja kubwa ya kutangaza unachomiliki, maana umiliki wenyewe ndio uliokatazwa. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kililegeza masharti hayo. Kuanzia hapo kiongozi aliruhusiwa kuwa na mali, na ikabidi litafutwe jambo jingine la kumlinda mwananchi. Sheria ya 1995 ilikuja na jambo hilo: miliki, lakini sema unamiliki nini.

Swali ni useme kwa nani, na hapo ndipo panaponiuma. Sheria haikumfungia mwananchi nje kabisa, inatambua kwamba daftari la matamko linaweza kukaguliwa na umma. Ila kanuni zilizotungwa mwaka 1996 ziliupa mlango huo kufuli. Anayetaka kukagua awe kwanza amewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi huyo. Kamishna aridhike kwamba malalamiko ni ya kweli, yanahusika, na yameletwa kwa nia njema. Halafu ilipwe ada ya shilingi 1,000. Ada haimshindi mtu. Kinachomshinda ni sharti la kwanza. Utalalamikaje kwamba diwani ameficha shamba ilhali hujaona ameandika mashamba gani? Ushahidi unaotakiwa uwe nao ndipo uruhusiwe kuingia, umo ndani.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja ambayo siidharau. Kiongozi ana familia. Namba ya akaunti yake, salio lake na mahali wanapolala wanawe si vitu vya kubandikwa ukutani, na wapo watu ambao wangezitumia taarifa hizo kutapeli au kulipiza kisasi. Lakini zipo nchi zilizokwishakutana na hofu hiyo zikaitafutia dawa. Afrika Kusini, daftari la maslahi ya wabunge lina sehemu mbili: ya wazi, ambayo hutolewa kila mwaka na yeyote anaisoma, na ya siri. Jimbo la California huko Marekani limekwenda mbali zaidi, hadi ngazi ya halmashauri ya mji: tamko la maslahi ya diwani ni waraka wa umma, anayeuomba hatakiwi kutoa jina lake wala kueleza sababu, na nakala haizidi senti 10 kwa ukurasa. Mwombaji haulizwi nia. Huko mzigo wa kujieleza amebebeshwa kiongozi.

Kwa sasa, mtu wa Bagamoyo mwenye shaka na kiongozi wake ana njia nyingine, na nasikitika kwamba wengi hawazijui. Kikao cha baraza la madiwani kiko wazi kwa wananchi, na diwani mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kuyataja na asishiriki kuliamua. Nenda ukakae pale nyuma, usikilize nani anatamka na nani ananyamaza zabuni ya barabara au ya ushuru wa soko inapofika mezani. Jina la kampuni iliyoshinda zabuni unaweza kulipeleka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, ulipie upekuzi, upate majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Kiwanja chenye hati nacho kina kumbukumbu kwenye ofisi ya ardhi, ukiwa na namba yake. Ardhi ya kijiji isiyopimwa ni ngumu zaidi, huko itabidi uulize serikali ya kijiji na majirani wa mpaka. Kila mwaka, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuwasilishwa bungeni, iko inayohusu serikali za mitaa peke yake, nayo ni ya kusomwa na yeyote.

Ukikusanya vipande hivyo, unaweza kuwa na malalamiko ambayo Kamishna hawezi kuyaita porojo za kijiweni. Yaandike: jina la kiongozi, wadhifa wake, alichofanya, lini, na nakala za ulichokipata. Yakionekana yana uzito huchunguzwa, na yanaweza kufikishwa Baraza la Maadili, chombo kinachosikiliza mashauri ya viongozi, ambalo mwaka 2015 lilikaa hadharani kuwahoji viongozi waliotajwa kwenye mgao wa fedha za Tegeta Escrow, akaunti iliyozaa kashfa kubwa ya malipo ya umeme. Maswali kuhusu mamilioni yalijibiwa pale mbele ya kamera na waandishi, na nchi haikuvurugika. Kama waliokuwa mawaziri na wabunge waliweza kuulizwa hadharani, sioni kwa nini orodha ya viwanja na kampuni za diwani wa kata, ikishaondolewa namba za akaunti, isibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, palepale yanapotakiwa kubandikwa mapato na matumizi.