Patisheni: kupanga nafasi ya diski kabla ya kuweka mfumo endeshi wa pili

Patisheni ni sehemu ya diski iliyowekewa mipaka, ambayo kompyuta huichukulia kana kwamba ni diski inayojitegemea. Diski ni ileile moja, ila kila patisheni ina ukubwa wake na utaratibu wake wa kuhifadhi mafaili. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta, kama Windows au Linux. Windows hutumia utaratibu uitwao NTFS, na Linux kwa kawaida hutumia ext4. Ndiyo maana mifumo miwili haichanganywi ovyo mahali pamoja. Kila mmoja unapewa patisheni yake, na wewe unachagua upi uwake kila unapowasha laptopu.

Haja ya kujua haya imeongezeka. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mtu wa Mtwara mjini mwenye laptopu ya mtumba ya GB 256, anayetaka kujifunza Linux bila kuiacha Windows ya kazini, huuliza jambo moja: niitengee GB ngapi?

Majibu ya haraka yapo. Kati ya matoleo ya Linux, Ubuntu inataka angalau GB 25 na Linux Mint GB 20, na Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64. Namba hizo ni za kweli, lakini zinakuambia nafasi ya kuuingiza mfumo, hazikuambii nafasi ya kuishi nao. Mfumo hukua. Linux ikisasishwa huweka kiini (kernel) kipya, yaani moyo wa mfumo, na kubakiza cha zamani ili ukipata shida urudi nyuma. Vikirundikana, amri ya sudo apt autoremove husaidia kuviondoa. Windows nayo inaweza kudai kama GB 20 tupu inapopokea sasisho kubwa, kisha hutunza toleo lililotangulia kwa siku kumi kabla ya kulifuta. Aliyeipa Linux GB 25 kamili kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa ataanza kuona maonyo ya diski kujaa mapema sana, na lawama ataitupia Linux.

Kwa hiyo anza kwa kupima ulichonacho. Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Utaona diski yako imechorwa kama ukanda uliogawanyika. C: ndiyo kubwa. Pembeni yake kuna vipande vidogo: kimoja, mara nyingi cha MB 100, kinashika taarifa za kuwashia kompyuta, na kingine cha mamia kadhaa ya MB ni cha kuokolea Windows ikiharibika. Usivifute hata kama vinaonekana havina kitu. Cha kuwashia, Windows na Linux zitakitumia kwa pamoja.

Usishtuke pia ukiona diski ya GB 256 inasomeka 238. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Hujaibiwa kitu. Ila fanya hesabu zako zote kwa kipimo kimoja, kwani programu kadhaa za Linux huhesabu kama kiwanda, na patisheni ileile itaonekana kubwa zaidi huko.

Sasa tuchukue karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba. Hesabu za wakulima wa korosho anazifanya kwa programu inayokubali Windows tu, na jioni anajifunza kuandika programu. Diski yake ni 238, toa 1 ya vile vipande vidogo, inabaki 237. Windows na vitu vyake vimeshakula 90. Mimi ningeiachia 45 nyingine ya kupumulia, kwa hiyo C: iwe 135. Zinabaki 102. Linux ningeipa 50, maana mfumo na programu za kawaida huchukua kama 15, na zana za kujifunzia hujaza haraka kuliko mtu anavyodhani. Zile 52 ningezifanya patisheni ya tatu ya NTFS kwa ajili ya nyaraka, picha na kazi zake binafsi.

Patisheni hii ya tatu wengi huisahau, na kwangu ndiyo inayoleta raha. Linux inasoma na kuandika NTFS. Windows haiisomi ext4 bila programu ya nyongeza. Ukihifadhi kazi zako ndani ya Linux, siku uko Windows huzioni, utaanza kuzihamisha kwa fleshi kutoka laptopu yako kwenda laptopu yako hiyohiyo! Zikiwa kwenye patisheni ya pamoja unazifungua kutoka upande wowote, na ukilazimika kuisakinisha Linux upya, haziguswi, alimradi usichague kuifuta patisheni hiyo.

Kama unataka Linux iweze kulazwa kabisa, yaani ihifadhi kila ulichofungua na kuzima, ongeza kwenye mgao wake nafasi inayolingana na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: RAM ya GB 8, ongeza 8.

Kupunguza C: kufanywe na Windows yenyewe, palepale kwenye diskmgmt.msc. Inauliza kiasi kwa MB, kwa hiyo GB 102 ni 104,448. Hapa watu hukwama. Una GB 100 zilizo wazi, lakini Windows inakubali kutoa 12 tu. Sababu ni kwamba yapo mafaili isiyoweza kuyasogeza, kama pagefile.sys (la kuisaidia RAM) na hiberfil.sys (la kuhifadhia hali ya kompyuta inapolazwa), na mojawapo likikaa katikati ya diski, mpaka hauwezi kulipita. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) ukiwa msimamizi (administrator), andika powercfg /h off, washa upya, ujaribu tena. Amri hiyo inaondoa hiberfil.sys na pia inazima uwashaji wa haraka wa Windows (Fast Startup), jambo ambalo ni lazima kwa vyovyote. Uwashaji huo huiacha NTFS katika hali ya kutofungwa sawasawa, na Linux itakataa kuandika humo. Kama bado imegoma, zima kwa muda vituo vya kurejesha mfumo (restore points) na pagefile.

Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, nakili kwanza ufunguo wake wa kurejeshea mahali nje ya laptopu. Mabadiliko ya namna ya kuwasha yanaweza kuifanya Windows iudai, na bila ufunguo huo mafaili yako hayafunguki tena. Weka pia nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje, na hakikisha betri inashika chaji. Laptopu za mtumba zenye betri zilizokufa ni za kawaida, na umeme ukikatika wakati mafaili yanasogezwa, hasara yake haina fidia. Karani wetu nami ningemwomba asubiri msimu wa minada ya korosho uishe.

Mipaka ya diski ni kama ya shamba la mikorosho: kabla hujapanda unaiweka popote, ukishapanda, kuisogeza ni kung'oa miti. Kusogeza mwanzo wa patisheni kunalazimu data yake yote ihamishwe, kazi ya saa nyingi kwenye diski za zamani zinazozunguka.

Mwenye diski ya GB 128, inayosomeka 119, simshauri agawanye. Windows ikichukua stahili yake hakibaki cha maana, na mifumo yote miwili itakabwa koo. Afadhali aiweke Linux kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya nje ya USB, au abadilishe diski ya ndani.

Na uangalie mpangilio. Ianzie C:, ifuate Linux, kisha patisheni ya pamoja. Windows huweza kuipanua C: kwa kuchukua tu eneo tupu linalopakana nayo upande wa kulia. Siku ukiamua kuiondoa Linux, eneo lake litaunganishwa na C: moja kwa moja. Ukiwa umeweka patisheni ya pamoja katikati, zile GB 50 zitakaa upande wa pili, na C: haitazifikia mpaka kwanza uhamishe kila kilichomo katikati.