Moshi wa alfajiri Tabora

Mgonjwa wa kifua akiingia kwangu mwezi wa nane, kabla sijamuuliza lolote huanza na vumbi. "Daktari, hili vumbi la Tabora litatumaliza." Namwelewa. Mvua ikikata hapa mwezi wa tano hairudi hadi Novemba. Barabara za mitaani Isevya na Ng'ambo zinageuka unga, kila bodaboda inaacha wingu nyuma yake, na shuka jeupe uliloanika asubuhi unalianua likiwa na rangi nyingine. Vumbi linaonekana, linaingia machoni, linakwaruza koo. Lakini miaka ya kusikiliza vifua vya watu wa mji huu imenifundisha kuogopa zaidi kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa hewa chafu: moshi wa jikoni, wa jalala, na wa majani ya miembe yanayochomwa alfajiri.

Tofauti iko kwenye ukubwa wa chembe. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Sehemu kubwa ya vumbi la barabarani, ukiipima kwa uzito, ni chembe zinazozidi mikromita 2.5, na nyingi kati ya hizo hunaswa puani na kooni. Unapiga chafya, unapenga kamasi jekundu, zimetoka. Sisemi halina madhara; mwenye pumu anajua linavyombana. Chembe za moshi ni habari nyingine. Nyingi hazifiki hata mikromita moja, kwa hiyo zinapita pua, zinapita koo, zinashuka hadi kwenye vile vifuko vidogo ambako damu inachukua oksijeni. Kule chini hakuna kamasi wala vinyweleo vya kuzifagia. Kuna seli za ulinzi zinazozimeza, na zikizidiwa hutoa kemikali zinazoleta uvimbe. Uvimbe huo haubaki mapafuni. Unaifikia damu nzima: mishipa inakakamaa, presha inapanda, damu inaganda upesi kuliko inavyotakiwa.

Hapa ndipo watu wengi hushangaa nikiwaeleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na moshi wa majumbani milioni 3.2 mwaka 2020. Katika makundi yote mawili, zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni vya moyo na kiharusi. Sio kikohozi. Mtu akianguka kwa kiharusi pale Cheyo, ndugu watataja presha, watataja chumvi, watataja mawazo. Hakuna atakayeuliza amepikia nini kwa miaka 30.

Tuhesabu kidogo. Mwaka 2021 Shirika hilo lilishusha kiwango chake cha chembe laini, zile za mikromita 2.5 kushuka chini, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Mtu mzima huvuta mita za ujazo kumi na kitu kwa siku. Anayeishi kwenye hewa ya kiwango hicho atakuwa amevuta miligramu 20 hivi kwa mwaka mzima, uzito wa punje moja hivi ya mchele. Sasa mweke kwenye jiko la kuni lililofungwa, lenye kidirisha kimoja. Vipimo vya majiko ya namna hiyo sehemu nyingi za Afrika huonyesha mamia ya mikrogramu, wakati mwingine maelfu. Tuchukue 500 tu, na saa nne za kupika kwa siku. Fungu lile la mwaka mzima atalimaliza ndani ya wiki tatu. Na mtoto aliyebebwa mgongoni anavuta hewa ileile, tena kwa uzito wake anavuta nyingi kuliko mama.

Kuhusu alfajiri. Usiku wa kipupwe na kiangazi anga letu halina mawingu, ardhi inapoteza joto haraka, na hewa iliyo karibu na ardhi inakuwa baridi kuliko ile ya juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Inakuwa kama sufuria iliyofunikwa mfuniko. Ukipita mitaa ya bondeni saa 12 asubuhi mwezi wa saba utauona moshi umelala umetandazika usawa wa mapaa, hauendi popote. Mfuniko huo hufunguka jua likishapasha ardhi, saa tatu au saa nne hivi. Na sisi saa 12 hiyohiyo ndipo tunapofagia uwanja, tunakusanya majani ya mwembe yakiwa bado na umande, tunatia kiberiti. Majani mabichi hayawaki, yanafuka, na kufuka ndiko kunakotoa chembe nyingi zaidi. Juu yake mtu anatupa chupa za maji na pampasi za mtoto. Wanafunzi wanapita katikati ya moshi huo wakienda shule. Naipenda sana miembe ya mji huu, na inaniuma kuona inageuzwa sababu ya watoto kubanwa kifua.

Kuna mama mmoja nimemtibu muda mrefu, muuza maandazi. Huamka saa tisa usiku, anawasha kuni kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Alipofika kwangu alikuwa amepimwa makohozi ya kifua kikuu mara tatu, sehemu tofauti, mara zote hayana vijidudu. Mara moja alipewa dawa za TB hivyohivyo, akazitumia zote, akabaki na kikohozi chake. Hajawahi kuvuta sigara. Nilipompa kipimo cha kupuliza, hewa ilitoka polepole kama inapita kwenye mrija uliobanwa: ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule tunaouzoea kwa wazee wavuta sigara. Kwa wanawake wa mkoa huu mimi huutafuta jikoni. Nilimuuliza kama kuna mtu amewahi kumuuliza habari za moshi. Akasema, "Moshi, mwanangu? Moshi si ndio kupika kwenyewe?"

Hilo jibu sijalisahau, kwa sababu lina ukweli ambao wataalamu tulichelewa kuuona. Tuliamini tukimpa mama jiko bora, kazi imekwisha. Huko Malawi, wilaya za Karonga, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na Chikwawa, watafiti waligawa majiko ya kuni yenye feni kwa maelfu ya kaya, wakafuatilia watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano. Matokeo yalitoka mwaka 2017: nimonia haikupungua. Jiko lilikuwa safi zaidi, lakini mtoto aliendelea kuvuta moshi wa jirani, wa takataka, wa koroboi. Tena uhusiano wa moshi na madhara hauendi sare: kutoka mikrogramu 500 hadi 250 nafuu ni ndogo, nafuu kubwa huanza ukishuka chini kabisa.

Lakini hewa ya eneo zima ikisafika, mwili unajibu. Utah Valley, Marekani, kiwanda cha chuma kilisimama kwa takriban mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1986 hadi Septemba 1987. Mtafiti Arden Pope alipopekua kumbukumbu za hospitali aliona kwamba watoto waliolazwa kwa magonjwa ya kifua walipungua sana katika baridi ya mwaka ule, na kiwanda kilipofunguliwa wakaongezeka tena. Sisi hatuna kiwanda cha namna hiyo. Tuna maelfu ya moto mdogo, na mabani ya kukaushia tumbaku kule Urambo, Kaliua na Sikonge, ambako mkulima hulala karibu na mdomo wa tanuri akichochea kuni.

Kwa hiyo ninachoomba kwanza ni cha mtaa mzima: majani yasichomwe. Chimbeni shimo, yaoze, ni mbolea nzuri ya bustani ya mchicha. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kulisimamia hili bila bajeti. Plastiki isiwashiwe jiko la mkaa, hata kipande kidogo. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na nalifurahia, ila najua nyumba nyingi hapa zina mtungi wa gesi wa chai na mkaa wa maharage. Basi maharage yalowekwe usiku kucha. Na mwenye umeme, presha kuka itayaivisha kwa umeme kidogo kuliko anavyodhani. Barakoa ya kitambaa na kitenge kilicholowa vinazuia vumbi, havizuii chembe za moshi. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku wa baridi kwa sababu yoyote ile. Gesi ya mkaa, kaboni monoksidi, ni sumu nyingine, inaua usiku mmoja.

Yule mama sasa anatumia dawa ya kuvuta. Karai amelihamishia nje, chini ya paa la bati lisilo na kuta, na anakaa upande upepo unakotoka. Anapanda ngazi za kwangu bila kusimama katikati, jambo ambalo mwaka juzi hakuliweza. Mapafu yaliyokwisha kuumia hayatarudi, nimemwambia hivyo waziwazi. Mjukuu wake, aliyekuwa analala kwenye chumba kinachopakana na kile kibanda, amehamishiwa chumba cha mbele.