Stalagmiti ni nini?

Stalagmiti ni jiwe linaloota kutoka sakafu ya pango kwenda juu. Lile linaloning'inia darini ni stalaktiti, na yakikutana huwa nguzo moja. Ukitaka kuyaona Tanzania, nenda Mapango ya Amboni, yapata kilomita 8 kaskazini ya jiji la Tanga, kwenye miamba ya chokaa. Huko mwongoza watalii atakumulikia tochi akuonyeshe mawe yenye umbo la mamba, sofa, hata Mlima Kilimanjaro. Kwa macho yangu, baadhi ya maumbo hayo ni ya kulazimisha.

Wengi hudhani maji hukauka yakaacha chokaa. Si hivyo hasa, maana hewa ya pangoni ina unyevu mwingi na maji hayakauki upesi. Mvua hunyonya hewa ya ukaa angani na zaidi udongoni, ambako mizizi na vijidudu huitoa kwa wingi. Maji hayo huwa asidi hafifu, lakini inatosha kuyeyusha mwamba wa chokaa kidogo kidogo yanapopenya kwenye nyufa. Tone likitokeza darini hukuta hewa yenye ukaa kidogo kuliko udongoni. Gesi hutoka, na maji hayawezi tena kubeba chokaa yote. Sehemu huganda pale juu, nyingine huanguka na tone na kuganda chini. Birika la maji ya kisima huota ukoko mweupe kwa sababu hiyo hiyo, ila huko moto ndio unaofukuza gesi.

Tone likigonga sakafu hutawanyika, ndiyo maana stalagmiti huwa nene na butu kichwani. Stalaktiti changa ni nyembamba, ina tundu katikati linalopitisha maji.

Kasi hutofautiana, ila mara nyingi ni kama sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka. Yaani sentimita moja huchukua karne. Kwa hiyo ukiambiwa usiguse, usibishe. Mafuta ya vidole huzuia chokaa mpya kushika, na jiwe huingia weusi. Matabaka yake pia ni kumbukumbu ya mvua za kale: wanasayansi huyakadiria umri kwa kupima urani na thori, elementi za mionzi zilizomo ndani yake.

Ukiwa ndani, mulika kichwa cha jiwe. Kikiwa kimelowa na kinang'aa, huenda bado linakua. Likiwa kavu lenye vumbi, maji yamehamia ufa mwingine, au ni kiangazi tu.