Yatokanayo: ajenda inayoonyesha kama klabu ya huduma ni hai

Nilikuwa katibu wa klabu ya huduma, yaani kikundi cha watu wanaojitolea kuihudumia jamii kama Rotary au Lions, kwa miaka 11. Nafasi hiyo nimeshaiachia, ila nimebaki na kazi moja ninayoipenda: makatibu wapya wa klabu nyingine wakichaguliwa, hukaa nami siku mbili tatu tukapitia namna ya kuandaa vikao na kuandika muhtasari. Viongozi wa klabu inayoyumba nao huniita. Nikifika, siulizi kwanza wana wanachama wangapi wala benki kuna kiasi gani. Naomba muhtasari wa vikao vitatu vilivyopita, nafungua kwenye yatokanayo.

Aliyewahi kukaa kikao chochote, kiwe cha shule au cha ofisi, anaijua ajenda hiyo. Kikao kikishafunguliwa, muhtasari wa kikao kilichopita husomwa, hurekebishwa na kuthibitishwa. Kisha mwenyekiti huuliza yale tuliyokubaliana yamefikia wapi. Katika klabu nyingi hapo ndipo watu huinamia simu zao. Mwenyekiti anasema "yatokanayo yote yanashughulikiwa", wajumbe wanaitikia, kikao kinasonga mbele. Sentensi hiyo naiogopa. Nimeikuta kwenye daftari za klabu kadhaa miezi michache kabla hazijaanza kupoteza watu.

Tazama mistari miwili. Wa kwanza: "Wajumbe walikubaliana kwamba benchi za zahanati zikarabatiwe haraka." Wa pili: "Mjumbe wa kamati ya afya, yule seremala, atapima benchi 6 za zahanati kabla ya Jumamosi na kuleta makisio ya mbao na misumari kikao kijacho." Mstari wa kwanza unapendeza masikioni na hakuna anayedaiwa kitu. Wa pili una mtu, una kitendo, una siku, na una idadi inayoonyesha kwamba kuna aliyekwenda kuzihesabu hizo benchi. Katibu mpya nikimfundisha jambo moja tu, namfundisha kukataa kuandika mstari wa kwanza. Ana haki ya kunyoosha mkono na kusema: "Mwenyekiti, samahani, niandike jina la nani?" Ukumbi hunyamaza kidogo, halafu mtu hujitokeza. Sijawahi kuona kikao ambacho swali hilo limeulizwa kwa heshima likakosa mtu wa kulijibu.

Wapo wanaoona vikao vinakula muda wa huduma. Wanasema tuache maneno, twende tukafanye kazi. Nawaelewa, maana vikao vibovu nimevikalia vingi. Lakini ukiangalia klabu hizi zilivyoanza, kukaa pamoja kulitangulia na huduma ikazaliwa humo. Tarehe 23 Februari 1905, huko Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao: Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi; Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe; na Hiram Shorey, mshonaji wa nguo. Walitafuta urafiki katika jiji kubwa, na kusaidiana kibiashara. Wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na mzunguko huo ndio ulioipa Rotary jina lake. Miaka miwili baadaye ndipo wakaanza kudai jiji lijenge vyoo vya umma. Lions ina asili inayofanana na hiyo: Melvin Jones, mtu wa bima, alikuwa kwenye chama cha wafanyabiashara wa jiji hilohilo akawauliza wenzake kwa nini vipaji vyao visiifae jamii nzima, na mwaka 1917 klabu kadhaa zikaungana. Kiwanis nayo ilianzia Detroit mwaka 1915 kwa wafanyabiashara waliotaka kufaana wenyewe kwa wenyewe, kisha ikageukia huduma, hasa kwa watoto.

Kwa hiyo nikisikia kiongozi akifuta vikao ili "kuokoa muda", huwa namwomba afikirie upya. Afupishe, sawa. Kwa miaka mingi klabu za Rotary zilitakiwa kukutana kila wiki, na aliyekosa alipaswa kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine. Mwaka 2016 baraza lao la kutunga kanuni lililegeza masharti hayo, klabu zikapata uhuru mkubwa wa kupanga ratiba. Naona walifanya vyema. Muuguzi mwenye zamu za usiku na mama mwenye mtoto mchanga hawawezi kuhukumiwa kwa rejista ya mahudhurio peke yake. Ila kukutana mara mbili kwa mwezi kunahitaji yatokanayo yaliyonyooka kuliko kukutana kila wiki, kwa sababu jambo likisahauliwa mara moja limeshapotea mwezi mzima.

Kikao kizuri kinatosha saa moja. Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, yatokanayo yanapitiwa jina kwa jina, mzungumzaji mwalikwa anapewa dakika 20 na maswali kidogo, taarifa za kamati, mengineyo, kufunga. Yatokanayo nayaweka kabla ya mzungumzaji kwa makusudi. Yakija mwishoni, nusu ya watu wameshatoka.

Mengineyo inanipa wasiwasi kuliko ajenda zote. Dakika tano kabla ya kufunga mtu anasimama na wazo lenye moyo mwema: twende tukapande miti, tukafanye usafi, tukachangie damu. Watu wanapiga makofi, kengele inalia. Mradi umezaliwa bila mlezi. Klabu yetu iliweka utaratibu kwamba wazo lililoletwa kwenye mengineyo halipitishwi siku hiyohiyo. Linapelekwa kwenye kamati, na kamati lazima iende kwanza kuzungumza na watakaohudumiwa. Mara nyingi wazo hurudi limebadilika kabisa. Tuliwahi kutaka kupeleka vitabu vya hadithi shuleni. Walimu wakatueleza kwamba vitabu wanavyo vya kutosha, wanachokosa ni rafu na mtu wa kufungua chumba cha maktaba saa za mchana. Tukatengeneza rafu, na wanachama wastaafu wakagawana siku za kukaa maktaba. Bila ile ziara ya kamati tungepeleka maboksi yakarundikana juu ya mengine.

Nije kwenye jambo lililonifanya niishike ajenda hii kwa mikono miwili.

Huduma ya macho ni kazi ya asili ya klabu za aina yetu. Mwaka 1925 Helen Keller, aliyekuwa haoni wala hasikii, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Lions huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe mashujaa wa vipofu, na tangu hapo macho yamekuwa kazi yao kubwa. Sisi nasi tulipanga siku ya kupima uwezo wa kuona. Kazi yenyewe inaweza kufundishwa kwa watu wa kujitolea ndani ya asubuhi moja, mradi mtaalamu wa macho awepo kusimamia. Unatundika chati ukutani usawa wa macho ya anayepimwa, mahali penye mwanga wa kutosha. Unapima mita 6 kwa futi kamba, unachora mstari kwa chaki, mtu anasimama kisigino kikigusa mstari. Tulitumia chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, kwa sababu haihitaji kusoma: mtu anaonyesha kwa vidole matawi ya E yametazama wapi, juu, chini, kushoto au kulia. Jicho moja linafunikwa kwa kiganja bila kulibonyeza, maana likibonyezwa litaona ukungu likifunuliwa na kipimo chake hakitakuwa sahihi. Ukiandika 6/18, maana yake anaona akiwa mita 6 kile ambacho jicho zima lingekiona kutoka mita 18.

Siku ilikwenda vizuri mno. Foleni ilikuwa ndefu, wanachama walivaa fulana zao, picha zilipigwa. Waliohitaji hospitali walipewa barua za rufaa. Kikao kilichofuata, chini ya yatokanayo, niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Zoezi la upimaji wa macho lilifanyika kwa mafanikio." Nikaweka nukta.

Miezi miwili baadaye nilikutana na bibi mmoja niliyempima mimi. Nilimkumbuka kwa sababu alicheka kila nilipomwuliza E imetazama wapi. Nikamwamkia, nikauliza hali ya macho. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake barua yetu ya rufaa imekunjwa mara nne, haina hata doa. Aliitunza vizuri. Alikuwa anasubiri tumwambie la kufanya, kwa sababu barua yenyewe hakuweza kuisoma. Alikuwa na mtoto wa jicho. Tulimpima mtu tukathibitisha kwamba haoni, kisha tukampa karatasi.

Usiku ule nilitoa orodha ya rufaa zote nikaipeleka kwenye kikao. Hakuna aliyekuwa na jina pembeni. Mwenyekiti wetu hakutafuta wa kumlaumu. Alisoma orodha polepole, jina moja moja, na kila jina likapata mwanachama wa kulifuatilia: kupiga simu, kutembelea, kuuliza kama kuna nauli na kama kuna wa kumsindikiza. Wengine walishakwenda hospitali wenyewe. Wengine walikuwa wanaogopa upasuaji na walihitaji kuzungumza na mtu aliyewahi kufanyiwa. Bibi yule alisindikizwa na mwanachama wetu mdogo kuliko wote, aliyekuwa amejiunga wiki chache tu nyuma.

Huyo kijana ananifikisha kwenye suala la wanachama. Viongozi hulalamika kwamba watu wapya hawakai. Wanaapishwa, wanavishwa beji, wanapigwa picha na mdhamini wao, halafu wanaanza kuchelewa, na mwishoni hawaonekani. Wanaobaki husema vijana wa leo hawana moyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Nenda kwenye muhtasari, tafuta jina la mwanachama mpya kwenye yatokanayo ndani ya vikao vyake vitatu vya kwanza. Kama halipo, hakuna aliyemhitaji, na yeye amelijua hilo kabla yenu. Kijana wetu alikaa kwa sababu bibi yule alikuwa anamngoja Jumanne saa mbili asubuhi.

Tena mchanganyiko wa watu ni mali. Rotary ya mwanzo ilipokea mtu mmoja kwa kila fani, na japo kanuni hiyo imelegea, akili iliyokuwa nyuma yake ni nzuri: fundi bomba, mhasibu, mwalimu na muuguzi wakikaa meza moja, mradi unapata macho manne tofauti kabla senti haijatumika. Ndiyo maana inaniuma kukumbuka miaka mingapi klabu hizi zilifungia wanawake nje. Klabu ya Duarte, California, ilifukuzwa na Rotary kwa kuwapokea. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 4 Mei 1987 iliamua kwamba Rotary haiwezi kuwakatalia uanachama. Mwaka huohuo Lions na Kiwanis nazo zilifungua milango.

Kuhusu fedha, kifupi. Ziwepo akaunti mbili. Ada za wanachama zinalipia ukumbi, beji na shughuli za klabu. Fedha iliyochangwa na umma inakwenda kwa umma, yote, na haigusi hata chai ya kikao. Mweka hazina asome salio la kila akaunti peke yake, na mstari huo uingie kwenye muhtasari.

Lipo jambo jingine linaloipa yatokanayo uzito: viongozi wetu hukaa mwaka mmoja. Kwa Rotary na Lions mwaka unaanza tarehe 1 Julai; rais mpya anavishwa mkufu, wa zamani anashukuriwa. Ni utaratibu mzuri, unamzuia mtu mmoja kuifanya klabu kuwa shamba lake. Lakini hatari yake ni kwamba kila rais anakuja na mradi wake na wa mwenzake unabaki njiani. Ninapotafuta mfano wa ahadi iliyovuka viongozi, nautazama polio. Rotary ilianza kuchangia chanjo ya watoto Ufilipino mwaka 1979, ikaifanya kuwa kampeni ya dunia nzima mwaka 1985. Mwaka 1988, mashirika ya kimataifa yalipoungana kwenye vita hiyo, polio ilikuwa katika nchi zaidi ya 125 na ilikadiriwa kupoozesha watoto 350,000 kwa mwaka. Tangu hapo visa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Marais wa klabu waliopokezana katika miaka hiyo yote hawahesabiki. Kila mmoja wao alilikuta jambo hilo mezani, akalipokea, akalikabidhi.

Kwa hiyo makatibu ninaokaa nao huwa wanaondoka na kazi moja ya kufanya mwezi Juni. Waandike ukurasa mmoja wa yatokanayo yote ambayo hayajafungwa, na pembeni mwa kila moja jina la anayelishika na jina la anayesubiri upande wa pili. Ukurasa huo usomwe mbele ya viongozi wote wawili, anayetoka na anayeingia, na wote watie sahihi. Hotuba ya rais mpya ifuate baada ya hapo.